Unga Hauna Kosa: Majibu ya Maswali Yenu ya Mikate

Maswali ya safari hii ni saba, na mengi yana chanzo kimoja: unga umepimwa kwa kukisia, donge limenata, umeongezwa unga mwengine, mkate umetoka mgumu, kisha lawama zinamwangukia muuza duka.

Mkate wangu wa boflo unatoka mgumu kila mara. Nibadilishe unga? (Msomaji, Fuoni)

Badilisha kipimo, dada yangu, si unga. Kikombe cha unga uliotiwa taratibu kwa kijiko kina gramu 120 hivi. Ukikichovya kikombe chenyewe ndani ya mfuko na kushindilia, kinafika 150. Kwa vikombe vinne umeshazidisha gramu 120, na maji ni yale yale. Swali hili linarudi tena na tena na jibu halijabadilika: nunua mizani ndogo ya jikoni.

Unga gramu 500, maji 310 hadi 325, chumvi 9, hamira kavu ya chenga 4. Usifuate vipimo vya nchi za baridi vya hamira gramu 7. Kwa joto letu la Zanzibar donge litaumuka mbio na mkate utanuka pombe. Changanya mpaka usione unga mkavu, funika, uwache dakika 20 kabla ya kukanda. Hapo ndipo wengi mnapoharibu. Donge linaloshika vidole halina kosa, unga haujamaliza kunywa maji tu. Baada ya dakika 20 utaona linaanza kuachia bakuli lenyewe. Paka mikono mafuta kidogo, kanda dakika 10, na mfuko wa unga usiuguse tena. Mwisho kata kinyunya kama ndimu, kivute polepole kwa vidole mbele ya dirisha. Kikitanuka kama utando unaopitisha mwanga, kimekandika. Kikichanika mapema, endelea.

Wakati wa masika unga huvuta unyevu wa hewa, kwa hivyo zuia vijiko viwili vya maji, uvitie mwisho kama donge linavitaka.

Dukani kuna unga wa mikate na unga wa matumizi yote. Tofauti ni nini? (Chake Chake)

Geuza pakiti usome protini kwa kila gramu 100. Ikiwa 12 au zaidi, huo ni wa boflo: una nguvu ya kuzuia hewa ya hamira. Ikiwa 9 au 10, tia kwenye maandazi, chapati na keki. Wa 10 hadi 11 unatoa mkate mzuri ukipunguza maji gramu 15 hivi na kukanda vya kutosha. Na tafadhali acheni kuchagua unga kwa weupe. Weupe si nguvu.

Unga uliotiwa beking pauda kiwandani, naweza kuutilia hamira? (Mwanakwerekwe)

Hapana. Huo ni wa keki.

Mkate wa unga wa ata unakuwa mzito na haupandi. (Wete)

Ata ni ngano iliyosagwa na pumba zake. Pumba hizo zinakata nyuzi za donge zinazoshika hewa, na zinakunywa maji mengi. Anza na gramu 150 za ata na 350 za unga mweupe, ongeza maji gramu 25, na uwache upumzike nusu saa kabla ya kukanda. Nunua kidogo kidogo: kiini cha ngano kina mafuta, na kwa joto letu yanaharibika upesi. Ukinusa harufu ya mafuta ya kale, tupa.

Mkate wa ufuta unanidondokea kwenye makaa kabla haujaiva. (Bububu)

Umepaka kikaango mafuta, au unatumia kile kisichoshika chakula. Mkate huu unaning'inia kwa kunata kikaango kikigeuzwa juu ya makaa, kwa hivyo unataka chuma kikavu na donge laini mno. Unga 500, tui gramu 420, yai moja, hamira 5, chumvi 8. Tui lisiwe kasimele tupu, yaani tui zito la kwanza. Mafuta yake yanalemaza donge. Changanya nusu kasimele, nusu tui la pili. Piga kwa mkono dakika 10, ukiliinua na kulibwaga, mpaka liwe linavutika. Uwache uumuke saa moja.

Kikaango kipate moto sawasawa juu ya seredani, jiko la makaa. Lowesha mkono kwa maji ya chumvi, twaa donge, ulitandaze mara moja. Subiri vitundu vijitokeze juu na ukingo ukauke, nyunyiza ufuta, ndipo ugeuze kikaango kielekee makaa, ukikizungusha mpaka uso uwe wa dhahabu. Ukigeuza kabla chini hapajashika, utaokota mkate jivuni.

Nataka kuchanganya muhogo au mtama kwenye ngano kupunguza gharama. (Makunduchi)

Katika kila gramu 500, muhogo usizidi 75 na mtama usizidi 100. Ukipita hapo mkate unamomonyoka, kwa kuwa unga huo hauna nyuzi za ngano. Muhogo mchungu una sumu. Unga wake uwe wa muhogo uliorowekwa na kukaushwa vyema. Wenye harufu ya ukungu usiule, na wa mahindi vivyo hivyo: sumukuvu, sumu ya ukungu, haiondoki kwa kupikwa. Lakini inaumiza kuona mtama unafichwa ndani ya ngano kama kwamba ni upungufu. Mtama una mkate wake, mofa, na unastahili kupikwa kwa jina lake.

Mkate wa kumimina nitumie unga wa mchele wa pakiti? Wangu unabonyea katikati. (Mkoani)

Unga wa pakiti unaacha chengachenga mdomoni. Roweka mchele saa 6, chuja, saga na tui mpaka usihisi mchanga ukiusugua kwa vidole. Kubonyea ni kwa sababu rojo ni jepesi, au limeumuka kupita kiasi. Mchele hauna nyuzi za kuzuia hewa. Kinachoizuia ni uzito wa rojo. Liwe linatiririka kutoka kwenye upawa kama utepe usiokatika. Likishapanda nusu yake tu, mimina kwenye sufuria iliyopata moto, funika, tia makaa juu, na usifunue kabla ya dakika 15.