Maswali ya wasomaji: jenereta, moshi na upepo wetu

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu jenereta ndogo za petroli. Nyumba nyingi Unguja zilizinunua wakati wa kile kiza cha miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010, njia ya umeme ya chini ya bahari kutoka bara ilipoharibika, na tangu hapo mashine hizi hazijatoka majumbani. Tumechagua barua tano.

Asalaam aleikum mafundi. Nyumba yetu ina uwa mdogo katikati. Umeme ukikatika tunaiwasha jenereta hapo uwani, milango na madirisha yote tunayaacha wazi. Juzi baada ya futari watoto wote watatu waliumwa kichwa na bibi yao akatapika. Tulidhani ni chakula. Yaweza kuwa ni jenereta? – Mama wa watoto watatu, Mji Mkongwe

Waaleikum salaam dada yetu. Ndiyo, yaweza kabisa, na tafadhali msiiwashe tena hapo hata kwa dakika tano.

Moshi mnaounusa sio unaoua. Ndani yake mna gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu na haiwashi macho. Ikiingia mapafuni hushikana na damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hivyo mtu anavuta pumzi kama kawaida huku mwili unakosa hewa. Kwanza kichwa, halafu kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Ndiyo maana watu husingizia homa au chakula. Alama ya kuitambua ni kwamba wanaumwa watu wengi wa nyumba moja kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu. Aliyelala huenda asihisi lolote, akafa usingizini.

Uwa wa nyumba za Mji Mkongwe ni kama kisima: kuta pande zote nne, ghorofa mbili tatu, na kila dirisha limefunguka humo humo. Kuyaacha wazi madirisha ni kuufungulia moshi njia. Mashine inataka mita 6 au zaidi, kiasi cha hatua 8 za mtu mzima, kutoka mlango au dirisha lolote, lako na la jirani, na ekzosi, yaani bomba la moshi, itazame pasipo na watu.

Hapa kwetu kuna jambo jingine: upepo hugeuka na msimu. Wakati wa kusi, mashine iliyokaa kaskazini ya nyumba hupeleka moshi wake mbali. Mashine ile ile, pahala pale pale, kaskazi ikishaingia hupuliza moshi chumbani. Kwa hivyo usikariri pahala. Kila mara kabla ya kuwasha, shika uzi wa nusu mita kwa ncha moja, uunyanyue juu ya mashine, utazame unapepea kuelekea wapi. Ukielekea nyumbani, ihamishe, na mita 6 zibaki pale pale.

Kama mita 6 hizo hamnazo, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe hazinazo, tunakwambieni wazi: jenereta si chombo cha nyumba yenu. Juu ya paa pia hapafai, kwani kuna madirisha ya jirani. Betri na inveta, kifaa kinachougeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani, vitawasha taa, feni na televisheni bila moshi.

Likitokea tena, mtoeni kila mtu nje kwanza, ndipo mashine izimwe, kisha mwende hospitali na mseme kwa kinywa chenu "wamevuta moshi wa jenereta". Kwa hewa ya kawaida gesi hiyo huchukua saa 4 hadi 5 kupungua nusu katika damu. Kwa oksijeni ya hospitali hupungua nusu kwa saa moja hadi moja na nusu. Msingoje asubuhi.

Jirani amenitengenezea waya wenye plagi ncha zote mbili. Ncha moja naitia kwenye jenereta, ya pili kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima inawaka. Swichi kuu nakumbuka kuizima. Kuna ubaya gani? – Msomaji, Chake Chake

Ndugu yetu, ukatekate waya huo leo. Plagi ya upande wa pili ikichomoka wakati mashine inanguruma, vile vipini vya shaba vilivyo wazi vina volti 230, na mtoto anaweza kuviokota sakafuni.

Hilo la kwanza. La pili ni swichi kuu. Usiku mmoja utasahau, au mtu mwengine ataiwasha akidhani anasaidia. Umeme wako utatoka nje mpaka kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma hufanya kazi kote kuwili: kama inavyoshusha volti 11,000 kuwa 230, hupandisha 230 kuwa 11,000. Kule juu ya nguzo yupo fundi wa shirika la umeme, baba wa watu, anayeamini kuwa laini imekufa. Na umeme wa shirika ukirudi ghafla mashine yako ikiwa imeungana nao, koili zitaungua, pengine na nyumba.

Kinachotakiwa ni swichi ya kubadilishia, mafundi huiita chenji-ova, yenye nafasi tatu: umeme wa shirika, sifuri, jenereta. Haiwezi kukaa pande mbili kwa pamoja hata ukiisahau. Iwe ya kukata nyaya zote mbili, wa moto na nyutro, na ifungwe na fundi mwenye leseni. Mpaka uipate, chomeka vyombo moja kwa moja kwenye jenereta kwa waya wa kuongezea.

Wanangu, mashine yangu imeandikwa 2.5 kVA. Nikiwasha mota ya kisima ya hp 1, friji ikiwa inafanya kazi, taa zinafifia na mashine inakoroma. Nimeambiwa nikaze skrubu ili iongeze mwendo. Nikaze? – Mzee wenu, Makunduchi

Shikamoo mzee wetu. Usiiguse skrubu hiyo. Mizunguko 3,000 kwa dakika ndiyo inayotoa hezi 50 za umeme wetu. Ukiipandisha, volti nazo zaweza kupanda na friji na televisheni vikaungua.

Tatizo ni hesabu. kVA ni kipimo cha ukubwa wa jenereta, na kuipata kwa wati huzidishwa kwa 0.8: 2.5 kVA ni wati 2,000. Mota ya hp 1 ikishazunguka hula kama wati 1,000 na kitu, lakini sekunde ile ya kuanza huvuta mara tatu hadi tano ya hapo. Mara tatu tu, umeshapita 3,000. Ikishindwa kuzunguka inabaki inavuma pale pale, na ndani yake waya unapata moto mpaka unaisikia harufu ya vanishi iliyoufunika. Ukisikia harufu hiyo, zima.

Chomoa friji, anzisha mota peke yake, jaza tangi, zima mota, ndipo urudishe friji. Ikishindwa hata peke yake, unahitaji mashine ya kVA 5. Tazama pia waya unaofika kisimani: uwe wa milimita mraba 2.5, na ukunjuliwe wote. Waya uliobaki umezungushwa kwenye kigurudumu chake hupata moto na plastiki yake huyayuka.

Tuna jenereta ndogo ya wati 950, tunawashia taa usiku tunapochambua karafuu. Pistoni imenata. Tulitia petroli safi tupu. – Vijana wa kambi, Mkoani

Hiyo ndiyo sababu. Mashine hizo nyingi ni za tu-stroki, hazina pahala pa oili chini. Oili yake huchanganywa ndani ya petroli. Mililita 20 kwa lita moja, yaani 100 kwa lita 5, isipokuwa kitabu cha mashine kimesema vyengine. Iwe oili ya tu-stroki, na mchanganye ndani ya dumu kabla ya kumimina kwenye tangi. Na mashine yenyewe msiiweke pembezoni mwa jamvi mlipokaa, kwa sababu ya moshi wake.

Siku ya harusi mashine haiwezi kuzimwa. Naweza kuongeza petroli inaendelea kufanya kazi? – Msomaji, Wete

Hapana. Ekzosi ina moto wa kutosha kuiwasha petroli iliyomwagika, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini chini mpaka kwenye mafiga ya biriani. Jaza tangi kabla ya wageni kufika. Likikaribia kwisha, zima, ngoja dakika 15, jaza bila kufika mdomoni, futa, funga, sogeza dumu mbali, ndipo uwashe. Dakika hizo tumieni taa za betri.

Petroli iwe ndani ya dumu lake, kamwe si chupa ya maji ya kunywa. Mtoto akiinywa msimtapishe, mpelekeni hospitali. Na harusi ikisha, usiirudishe mashine stoo na kabureta imejaa: funga koki ya petroli, iache ifanye kazi mpaka izimike yenyewe. Petroli iliyolala humo mwezi mzima huganda kama gundi, na mwaka ujao haitawaka.