Tafuta "lakini" kabla ya "kwa hiyo"

Mkuu, umeuliza utajuaje hitimisho la mwanafalsafa ni lipi, maana unapigia mstari kila penye "kwa hiyo" na ukimaliza ukurasa una mistari 6 hujui ushike upi. Nimepita hapo hapo. Insha yangu ya kwanza kuhusu Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa, ilirudi imejaa wino mwekundu kwa kosa moja: nilimbebesha maneno aliyoyataja ili ayapinge.

Ni katika Tafakuri ya kwanza, sehemu ya kwanza ya kitabu chake cha Tafakuri cha mwaka 1641. Anaanza kwa kusema milango ya fahamu imewahi kumdanganya, na si busara kumwamini moja kwa moja aliyekudanganya hata mara moja. Halafu anasema: lakini yapo mambo yasiyotilika shaka, kama kwamba nimekaa hapa karibu na moto, nimevaa vazi la baridi, nimeshika karatasi. Nikapigia mstari hapo, nikaandika kuwa Descartes anaamini macho yake kwa vitu vya karibu. Kumbe ile ni sauti ya mpinzani! Mbele kidogo anageuka: mara ngapi nimeota nimekaa pale pale karibu na moto, ilhali nimelala kitandani bila nguo? Hakuna alama ya hakika ya kutofautisha kuota na kuwa macho, basi hata la moto linatilika shaka.

Tangu hapo kila nikikutana na "lakini" au "huenda mtu akasema", nasimama kwanza na kuuliza: hapa anasema nani?

Mistari yako 6 inawezekana yote ni mahitimisho kweli, ila mengi ni ya njiani, yaani ngazi za kufikia hitimisho kuu. Chukua sentensi mbili, weka "kwa sababu" katikati, usome, kisha uzigeuze. "Moto huu unatilika shaka kwa sababu sina alama ya kutofautisha ndoto." Inasimama. Ukiigeuza, inaanguka. Kwa hiyo sentensi ya alama ndiyo inayobeba, yaani sababu, na ya moto ndiyo inayobebwa, yaani hitimisho. Endelea hivyo mpaka upate sentensi inayobebwa na zote na yenyewe haibebi yoyote. Mara nyingi utaikuta aya ya kwanza kabisa, bila "kwa hiyo" yoyote.

Angalia tu kwamba si kila "kwa sababu" ni hoja. "Kioo kimepasuka kwa sababu kilianguka" ni maelezo, maana hakuna anayebisha kwamba kimepasuka. Hoja inakuwepo pale mwandishi anapojua kuna msomaji bado hajakubali.