Ukipewa kamera ya joto, anza na sufuria

Kijana akiletwa kitengo chetu cha matengenezo, siku ya kwanza namkabidhi kamera ya joto, ila kwenye swichibodi, yaani kabati la umeme ambalo kamera hiyo hutafutia viungo vilivyopata joto, simpeleki. Nampeleka jikoni kwa mama anayetupikia chai. Kuna sufuria ya alumini pale, ubavu mmoja umesuguliwa mpaka unang'aa, mwingine umeachiwa masizi ya kuni. Maji yakishachemka namwambia apige picha. Kwenye masizi kamera inasoma nyuzi tisini na kitu. Kwenye mng'ao inasoma arobaini na kitu. Maji yaleyale, sufuria ileile. Basi namwambia, "Haya, weka kiganja hapo kwenye baridi." Mpaka leo hajatokea aliyekubali.

Ukilielewa hilo sufuria, umeshajua zaidi ya mafundi wengi wanaozunguka na kamera za mamilioni. Kamera haipimi joto. Inapima mionzi inayoufikia uso wake, kisha inapiga hesabu ya kukisia joto. Ukiipa maelezo ya uongo, inakurudishia namba ya uongo, tena yenye desimali.

Mionzi yenyewe inatoka wapi? Kila kitu kimejengwa kwa chembe zenye chaji, na chembe hizo hazitulii, zinatetemeka muda wote. Chaji ikitetemeka inatoa mawimbi, kama antena ya redio inavyofanya. Joto likipanda, mtetemo unazidi na mawimbi yanazidi. Kwa hiyo ukuta, meza, wewe, hata barafu, vyote vinatoa mionzi, maadamu viko juu ya nyuzi 273.15 chini ya sifuri. Hatuioni kwa sababu ni mirefu kuliko mwanga ambao macho yetu yanaupokea. William Herschel aliigundua Uingereza mwaka 1800: alitawanya mwanga wa jua kwa mche wa kioo, akaweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana chochote, na kikapanda. Mionzi hiyo ndiyo tunayoiita infraredi.

Joto likipanda, mambo mawili yanatokea. Kwanza mawimbi yanafupika. Chukua 2,898, gawanya kwa joto la kitu katika kelvini (nyuzi za kawaida jumlisha 273), utapata urefu wa wimbi lenye nguvu zaidi, kwa mikromita, yaani sehemu za milioni za mita. Ngozi yako iko kama kelvini 306, kwa hiyo inang'aa zaidi karibu na mikromita 9.5. Jua, lenye kelvini 5,800 hivi, linaangukia 0.5, ndani kabisa ya mwanga tunaouona. Chuma cha mhunzi kipo katikati, ndiyo maana kikipita nyuzi 500 hivi kinaanza kuwa chekundu. Pili, wingi wa mionzi unaongezeka kwa kipeo cha nne cha joto hilo la kelvini, na hapo ndipo kamera inapata nafasi ya kutofautisha nati moja na jirani yake.

Kamera zetu nyingi zinasoma mikromita 8 hadi 14. Lenzi yake ni ya elementi inayoitwa jemani (germanium), si kioo, kwa kuwa kioo cha kawaida hakipitishi mawimbi hayo. Nyuma ya lenzi kuna maelfu ya vihisi vidogo. Kila kimoja kinapashwa kidogo sana na mionzi, ukinzani wake unabadilika, na badiliko hilo ndilo linalogeuzwa picha. Ukisikia inalia "tik" kila baada ya muda usishtuke, inafunga pazia lake la ndani ijirekebishe. Na usipige picha kupitia dirisha la kioo la paneli ya umeme. Kijana mmoja aliniletea ripoti nzima ya namna hiyo, na kwenye kila picha kulikuwa na kivuli chenye mabega. Alikuwa yeye mwenyewe.

Turudi kwenye mng'ao. Uwezo wa uso kutoa mionzi unaitwa emisiviti, nao unaanzia 0 hadi 1. Ngozi ni 0.98, masizi na tepu nyeusi ya umeme ni kama 0.95, shaba iliyong'arishwa iko chini ya 0.1. Kile ambacho uso hautoi, unaakisi kutoka kwa majirani. Fikiria basiba, yaani ubapa wa shaba unaopitisha umeme ndani ya paneli, yenye nyuzi 90 kweli, emisiviti 0.1, chumba kina nyuzi 30, na kamera umeiacha kwenye 0.95 kama ilivyotoka dukani. Itakuonyesha karibu 38. Utaandika "salama" na kwenda kunywa chai. Dawa ni rahisi: umeme ukiwa umezimwa na kufungiwa kufuli, bandika kipande cha tepu nyeusi karibu na kiungo, kisha kila ukija soma hapo. Usihangaike kubadilisha emisiviti mpaka 0.1 ukidhani umemaliza. Kwa metali inayong'aa hesabu hiyo inayumba sana.

Sasa kosa langu mimi. Kiwanda nilichokuwa zamani, nilichagua kukagua Jumapili. Mashine zimelala, hakuna kelele, hakuna msimamizi wa kunisumbua. Paneli zote zilikuwa baridi, nikasaini. Jumanne lugi, kichwa cha metali cha kufungia kebo, ya faza moja (moja ya nyaya tatu zinazoleta umeme) iliungua mpaka insulesheni, yaani ganda la kebo, ikadondoka. Joto la kiungo kilicholegea linafuata mraba wa mkondo: kwenye ampia 30 linakuwa moja ya tisa tu ya lile la ampia 90. Mimi nilikagua kiungo kisichofanya kazi. Siku hizi chini ya asilimia 40 ya mzigo sikagui, na ampia naziandika kwanza kwa klampu mita, kifaa kinachokumbatia kebo na kupima mkondo. Mlango wa paneli unafunguliwa na aliyeidhinishwa, mwenye ngao ya uso na nguo za kuzuia moto. Wewe na kamera yako subirini pembeni.

Ukiona faza moja ina joto kuliko wenzake, usiseme haraka kwamba nati imelegea. Angalia joto linavyotembea. Likiwa kali kwenye kiungo na kufifia kadiri kebo inavyokwenda mbali, hapo ni kiungo. Kebo nzima ikiwa na joto sawasawa, pima ampia. Huenda hiyo faza imebebeshwa mzigo mkubwa tu, na spana haitakusaidia.

Rangi nazo zisikutishe. Ni kamera inayopaka. Ikijipangia yenyewe kipimo cha rangi, yaani joto la chini na la juu la picha, tofauti ya nyuzi mbili inaweza kuonekana kama tanuri, na meneja atasimamisha uzalishaji bure. Funga kipimo, tuseme 25 mpaka 75, na ukitumie hichohicho kila mwezi. Transfoma za nje nazikagua jua likishazama na upepo umetulia, maana mchana unasoma jua, na upepo unapoza kiungo kibovu kikaonekana kizima.

Kwenye ripoti, chini ya kila picha andika ampia, emisiviti uliyoweka, joto la chumba na umbali uliosimama. Picha isiyo na hivyo vinne mimi huirudisha.