Aliyejiunga na Daesh anataka kurudi nyumbani: dini inasemaje?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mtoto wa marehemu kaka yangu alitoroka akaenda Syria kujiunga na Daesh, lile kundi linalojiita Dola ya Kiislamu (ISIS). Sasa yuko gerezani huko, mkewe na watoto wawili wako kambini. Anasema ametubu, anaomba arudishwe. Serikali inasitasita, na ukoo umegawanyika. Wapo wanaosema hao ni Khawarij, kama wale waliomwasi Sayyidna Ali (r.a.) na kuwakufurisha Waislamu wenzao, na Mtume (s.a.w.) amewaita mbwa wa motoni, kwa hiyo wafie hukohuko. Mimi ndiye ami yake, sijui nisimame wapi.

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Nianze na hiyo hadithi, maana naona ndiyo inayowafunga watu midomo hapo nyumbani. Ipo, ameipokea Ibn Majah na wengineo. Lakini aliyewajua Khawarij kuliko mimi na wewe ni Sayyidna Ali (r.a.), naye hakuisoma kama wanavyoisoma jamaa zako. Walipojitenga naye wakapiga kambi Harura, huko Iraq, alimtuma Ibn Abbas (r.a.) akajadiliane nao, na maelfu wakarudi. Walipokewa. Hata waliobaki na ukaidi wao aliwaahidi kwamba hatawazuia misikiti, hatawanyima fungu lao la mali ya umma maadamu wako pamoja naye, wala hatawaanza kwa vita.

Kilichobadilisha mambo ni damu. Walikutana njiani na Abdullah bin Khabbab, mtoto wa sahaba, akiwa na mkewe mjamzito. Wanahistoria wanasimulia kwamba muda mfupi kabla ya hapo mmoja wao aliokota tende iliyodondoka akaitia mdomoni, wenzake wakamkaripia kwa kula mali ya mtu bila idhini, akaitema. Kisha watu haohao wakamchinja Abdullah na kumpasua mkewe tumbo. (Ndiyo dini yao ilivyo: tende ina haramu, shingo ya Muislamu haina.) Ali akawataka watoe wauaji tu. Wakajibu, "Sote tumemuua." Ndipo vikawa vita vya Nahrawan, mwaka 38 Hijria.

Basi tazama: aliyerudi alipokewa, na aliyemwaga damu alidaiwa damu. Ugomvi wa ukoo wenu unatokana na kuyachanganya haya mawili. Kurudi nyumbani si kusamehewa. Kijana arudi, na akishuka kwenye ndege akabidhiwe kwa polisi na mahakama.

Wanaotaka avuliwe uraia hutaja Suratul Maida aya ya 33, ambayo katika adhabu za wanaoeneza ufisadi imetaja kutolewa katika nchi. Imam Abu Hanifa (r.a.) alisema kutolewa huko maana yake ni kifungo, kwa sababu ukimfukuza mhalifu umeihamishia shari yake nchi ya wengine. Mimi naiona kauli hiyo ndiyo yenye nguvu kwa zama zetu. Watu wa Syria na Iraq ndio waliochinjwa na Daesh, kisha leo tuwaambie na walinzi wa wafungwa wetu wawe wao? Hiyo si haki kwa jirani. Isitoshe, Azimio la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 13, linampa kila mtu haki ya kurudi nchini kwake.

Kuhusu toba, aya ya 34 inawatoa waliotubu kabla ya kutiwa nguvuni. Huyu ameshakamatwa, kwa hiyo asiitegemee sana. Na hata anayetubu mapema huondokewa na haki ya Allah tu. Haki za watu zinabaki. Kama aliua, aliteka au alikula mali ya mtu, madai yapo. Dalili ya toba yake nitaitafuta katika ulimi wake mbele ya hakimu: je, atasema alichofanya, au atasema alikuwa mpishi? Wapishi wa jeshi lile wamekuwa wengi mno.

Msiwalazimishe waliofiwa wamkumbatie. Wahshi, aliyemuua Hamza (r.a.), ami yake Mtume, alisilimu na Uislamu wake ukakubaliwa, na bado Mtume (s.a.w.) akamwomba kama anaweza, asimwoneshe uso wake.

Watoto hawana mjadala. "Wala mbebaji habebi mzigo wa mwingine," Suratul An'am, aya ya 164. Baada ya Baghouz, ngome ya mwisho ya Daesh, kuanguka Machi 2019, kambi ya al-Hol huko Syria ilijaa watu zaidi ya 70,000, wengi wao wanawake na watoto. Uingereza ilimvua uraia binti aliyeondoka akiwa na miaka 15, na mwezi uliofuata mtoto wake mchanga akafa kambini. Yule mtoto alikuwa na kosa gani? Mama yao naye achunguzwe peke yake. Wapo waliobebwa na waume, na wapo waliokuwa wakali kuliko waume.

Wewe ami, usimlipe mtu wa magendo amtoroshe, wala usimfiche akija kwa mlango wa nyuma. Andikia serikali rasmi, kubali kuwa mdhamini wa watoto, na uwatayarishie vyeti na shule kabla hawajafika. Akihukumiwa, nenda ukamzuru gerezani. Haki ya udugu haikatwi na kifungo.

Wallahu a'lam.