Sensa zilisoma boksi likiwa wazi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi umeme, nipo Bagamoyo. Nimefunga mfumo wa kudhibiti viyoyozi kwenye nyumba ya wageni ya vyumba 8, jengo la kale la mawe kule Mji Mkongwe. Kila chumba kina sensa ya joto isiyo na waya, ile inayojichaji kwa mwanga, masafa ya megahezi 868. Risiva inayopokea mawimbi ya sensa nimeiweka kwenye boksi la chuma pamoja na kontrola inayoongoza viyoyozi, na antena yake fupi imo humo humo. Siku ya kufunga zote 8 zilisoma. Kesho yake vyumba 2 vya nyuma vikapotea kabisa, na kimoja cha chini kinasoma mchana, usiku kinakata. Mwenye nyumba anataka ninunue ripita 2, vile vifaa vya kupokea mawimbi na kuyarusha tena. Ninunue?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usinunue kitu kwanza. Siku ile ya kufunga, mlango wa boksi ulikuwa wazi, sivyo?

Nakuuliza kwa sababu yalinikuta mimi mwenyewe hapa Tanga, kwenye ofisi moja ya Chumbageni. Nilimaliza kazi, nikakaza skrubu 4 za mfuniko, nikabeba mkoba wangu. Sijafika hata Ngamiani, simu ikaita: sensa zimepotea. Nikarudi, nikafungua boksi nichungulie, zote hizo zimerudi! Nikafunga nikaondoka, zikapotea tena. Nilibadilisha sensa 2 nzima bure kabla sijaelewa kwamba tatizo ni huo mfuniko ninaoukaza mwenyewe. Boksi la chuma huzuia mawimbi ya redio. Kinachobaki hupenya kwenye nyufa na matundu ya waya, na kinachotoka vyumba vya nyuma hakitoshi kusomeka.

Thibitisha kabla hujatoboa ukuta. Nenda chumba cha nyuma, ubonyeze kile kitufe cha kuitambulisha sensa, mwenzio asome nguvu ya mawimbi kwenye kontrola, kwanza mlango wa boksi ukiwa wazi, kisha ukiwa umefungwa. Namba ni hasi: −60 ni nzuri, −90 ni mashaka. Mimi binafsi siridhiki na kitu chini ya −80. Kitufe ni muhimu, maana sensa hizi hazisemi kila sekunde. Nyingine huamka kila sekunde 100, na joto lisipobadilika hunyamaza zaidi ya dakika 10. Usipobonyeza utakaa unaangalia namba ya zamani ukidhani ni ya sasa.

Sasa antena utaitoaje humo kwenye boksi? Wengi hurefusha waya wa antena. Ule waya mwembamba hupoteza takribani desibeli 1 kwa kila mita kwenye masafa hayo, na desibeli 3 ni nusu ya nguvu, kwa hiyo ukivuta mita 3 nusu imeishia njiani. Afadhali uhamishe risiva yenyewe, uiweke kwenye boksi la plastiki, na urefushe waya wa data. Kama inaongea na kontrola kwa RS-485, yaani data kwa nyaya mbili ziitwazo A na B, waya huo unaweza kwenda hadi mita 1,200, wewe huhitaji hata 30. Zima umeme, tumia waya wa jozi iliyosokotwa, weka rezista ya omu 120 kila mwisho wa laini, na ngao yake, ile ganda la chuma linalozunguka nyaya, iunge kwenye ethi upande mmoja tu. Ikigoma kuongea, badilisha A na B: watengenezaji hawakubaliani ipi ni ipi, na kuzikosea hakuunguzi kitu.

Pa kuiweka ndipo penye kazi. Kuta za mawe ya matumbawe za mji wenu hufika nusu mita unene, na zikinyonya unyevu wa bahari hula mawimbi zaidi. Tena vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba, kwa kuwa upana wake ulipimwa na urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo kuta ziko karibu karibu. Tazama mwelekeo. Mawimbi yakiukata ukuta wa sentimita 50 moja kwa moja yanapita sentimita 50. Yakiukata kwa nyuzi 45 yanapita kama 70. Ndiyo maana risiva iliyo mwisho wa korido, ikitazama vyumba kwa upande, huwa kiziwi. Iweke katikati ya korido, juu karibu na boriti, ili kila chumba kiwe na ukuta mmoja tu wa kupita. Isikae kwenye pembe ya kuta, na iwe walau nusu mita kutoka kwenye inveta au kompyuta.

Kama antena yako ni ya sumaku, usiigandishe kwenye plastiki tupu. Inataka bati chini yake, kipande cha sentimita 18 kwa 18 kinatosha. Na kijiti chake usikikate wala kukikunja: kwa 868, robo ya wimbi ni sentimita 8.6, urefu huo haukuwekwa kwa mapambo.

Chumba cha chini kinachokata usiku nadhani ni ugonjwa mwingine. Bila shaka dirisha lake ni dogo na pazia halifunguliwi. Sensa imetoka kwenye katoni ikiwa haina chaji, mchana inapata mwanga wa kubangaiza, jua likizama inakata roho. Ripita haitasaidia hapo. Fungua mgongo wake uone kama ina nafasi ya betri bapa, utie betri. Kama haina, ihamishie ukuta unaopata mwanga, ila isipigwe na jua lenyewe wala na hewa ya kiyoyozi, isije ikapima uongo.

Siku ukiongeza vyumba, soma kibandiko cha sensa mpya. Za Marekani ni megahezi 902, kwa sura ni pacha wa hizi, na hazitaongea na risiva yako hata siku moja. Tena huku kwetu zinaangukia kwenye masafa ya simu.

Ripita ifikirie baada ya hayo yote, na moja tu. Ukimaliza kuhamisha, funga mlango wa boksi, funga milango ya vyumba vyote 8, kanywe chai dakika 20, ndipo uje usome skrini.