Kofia za watoto njiti zinalegea zikifuliwa: tatizo ni uzi au mkono?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi ni kikundi cha akina mama hapa Njombe. Tunafuma kofia za watoto njiti na kuzipeleka wodini. Tunatumia uzi wa sweta unaouzwa sokoni, sindano za milimita 5, vitanzi 72, pleni mbili pali mbili kuanzia chini hadi juu, na pomponi kileleni. Zikitoka mikononi mwetu zinabana vizuri. Safari hii muuguzi ametuambia kwamba zikishafuliwa na kupigwa pasi zinakuwa kama mfuko, zinamshuka mtoto hadi machoni, na pomponi wamezikata zote. Tunataka kupeleka nyingine za zambarau kabla ya 17 Novemba, Siku ya Mtoto Njiti Duniani. Tubadili uzi, au tunafuma vibaya? Na tukiongeza soksi itafaa?

JIBU: Marahaba, dada, na salamu kwa kikundi kizima.

Mkono wenu hauna shida. Kilichozilegeza kofia ni pasi, ila pasi hiyo imefichua hesabu ambayo ilikuwa kubwa mno tangu mwanzo. Tuanze na hesabu.

Uzi wa sweta wa unene wa kawaida, ukifumwa pleni tupu kwa sindano za milimita 5, hutoa vitanzi kama 18 katika kila sentimita 10. Gawa 72 kwa 1.8, unapata sentimita 40. Sasa angalia vichwa vyenyewe: mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni huzaliwa na kichwa chenye mzunguko wa kama sentimita 35, aliyezaliwa wiki ya 32 ya mimba ana kama 29, wa wiki ya 28 ana kama 26. Kofia yenu ni ya mtoto anayetambaa.

Mbona basi zilikuwa zinabana? Ni kazi ya pleni mbili pali mbili. Vitanzi vya pali hurudi nyuma, vya pleni hujitokeza mbele, na kitambaa chote hujikunja marinda. Kofia ya sentimita 40 ikijikunja hivyo inaonekana ya 26, na ukiivuta inarudi. Mkaipima kwa macho, mkaridhika, na kwa kweli yeyote angeridhika.

Uzi wa sweta wa sokoni karibu wote ni akriliki, na akriliki ni plastiki. Huanza kulainika hata kabla maji hayajachemka, na pasi ya moto huumaliza kabisa: marinda yanalala, kitambaa kinakuwa laini na kizito, na hakirudi tena hata ukiloweka usiku kucha. Hapo kofia inafunguka na kuonyesha ukubwa wake halisi. Wala msiwalaumu wauguzi kwa kupiga pasi. Wodi ya watoto wachanga lazima ifue kwa maji ya moto, na nguo zilizoanikwa nje hupigwa pasi kwa sababu ya yule inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, ambaye funza wake huingia ngozini. Zawadi inayoomba isipigwe pasi, katika mazingira hayo, ni zawadi inayoomba upendeleo.

Kwa hiyo, kabla ya kununua uzi, kamuulizeni muuguzi mkuu wa wodi swali moja: kofia hizi zinabaki wodini au zinaondoka na mama? Ni vitu viwili tofauti, na uzi wake ni tofauti.

Kofia inayobaki wodini itafuliwa na dobi wa hospitali, pengine kwa dawa ya klorini, mara nyingi kuliko mnavyodhani, na itavaliwa na watoto wengi. Hiyo ifumeni kwa pamba. Pamba inachemshwa, inapigwa pasi, inaoshwa na kurudi kazini. Sufu ya kondoo, ambayo watu wengi huidhania kuwa ndiyo bora kuliko zote, hapa haifai: maji ya moto na kusuguliwa huifanya isinyae na kugandamana, na klorini huila. Kofia inayoondoka na mama inaweza kuwa ya akriliki laini. Nyumbani itafuliwa kwa mkono kwa maji ya vuguvugu na kuanikwa ndani, na mama ataambiwa asiipige pasi. Kwa baridi ya Njombe mwezi Juni na Julai, hiyo nayo ina kazi yake.

Uzi wa sokoni mara nyingi hauna lebo, na muuzaji atakuambia chochote unachotaka kusikia. Kata kipande kifupi, kishike kwa kibanio juu ya beseni la maji, kiwashe. Pamba huwaka haraka, hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini la kijivu. Akriliki huyeyuka na kuacha tone jeusi gumu. Sufu hunuka nywele zilizoungua na moto wake huelekea kujizima. Ukiona jivu na tone gumu kwa pamoja, ni mchanganyiko, na kwa kofia ya wodini uhesabu kuwa ni akriliki. Msinunue ule uzi wa pamba unaong'aa wa kufumia vitambaa vya makochi. Ni imara, ila ni mgumu kwa ngozi ya mtoto wa kilo 1 na nusu. Tafuteni pamba isiyong'aa, iliyosokotwa kwa ulegevu kidogo. Kidonge cha uzi cha gramu 50 hutoa kofia mbili.

Pamba ina udhaifu mmoja: haina mnyumbuliko wa kwake. Marinda ya pamba hulegea kwa kuvaliwa tu, hata bila pasi. Ndiyo maana msiyategemee kupunguza ukubwa. Hesabuni vitanzi kana kwamba kitambaa ni bapa, na marinda yawe ya kusaidia tu kofia kushika. Tumieni sindano nyembamba, milimita 3.25. (Kama sindano zenu ni zile za zamani zenye namba za Kiingereza, mjue namba hizo huenda kinyume: namba 10 ndiyo milimita 3.25, na namba 8 ni milimita 4. Nimeona vikundi vikigombana bure kwa sababu hiyo, kila mmoja ana hakika kwamba mwenzake ndiye aliyekosea.)

Fumeni kwanza kipande cha pleni tupu, sentimita 12 kwa 12. Kifueni kama wodi inavyofua: maji ya moto, kamua, kausha, pasi. Kisha ndipo mpime vitanzi vilivyomo katika sentimita 10 za katikati. Kipimo kinachochukuliwa kabla ya kufua hakina maana kwa pamba. Tuseme mmepata vitanzi 24, yaani 2.4 kwa kila sentimita. Kofia iwe pungufu ya kichwa kwa sentimita 2 hadi 3, ili ishike bila kuacha alama kwenye paji la uso. Kichwa cha 26 kitahitaji vitanzi 56, cha 29 vitanzi 64, na cha 33, ambacho ni cha wiki ya 36 hivi, vitanzi 72. Mnaona 72 zenu zimerudi, safari hii kwa sindano nyembamba na kwa mtoto mkubwa kuliko wote wodini. Mkipata kipimo kingine, zidisheni upya, kisha mchague idadi inayogawanyika kwa 8, kwa sababu itawarahisishia kilele.

Anzeni vitanzi kwa sindano ya milimita 4, kisha mhamie 3.25. Mdomo wa kofia uliobanwa mwanzoni hauvutiki kamwe, hata sehemu nyingine ikiwa laini namna gani. Fumeni kwa mzunguko, kwa sindano fupi tano zenye ncha mbili, ili kusiwe na mshono wa kuunganishia. Mtoto njiti anayebebwa ngozi kwa ngozi, utaratibu ulioanzishwa na daktari Edgar Rey Sanabria huko Bogotá mwaka 1978, hulala kifuani kwa mama akiwa na nepi, kofia na pengine soksi tu, shavu moja limelala. Shirika la Afya Duniani linashauri abebwe hivyo saa 8 hadi 24 kwa siku. Mshono mnene ukiwa chini ya sikio kwa muda wote huo unaumiza, na pomponi inakisukuma kichwa mbele. Wale wauguzi walikuwa na haki ya kuzikata. Kama hamna sindano fupi, fumeni kwa sindano mbili na muunganishe kingo bapa, bila kupandanisha, na mshono uwekwe kisogoni.

Endeleeni na pleni mbili pali mbili kwa sentimita 10 kwa kofia ya 56, 11 kwa ya 64, na 12 kwa ya 72. Ndani ya hizo kuna sentimita 3 za kukunja juu. Mkunjo huo unaongeza joto kwenye paji, na muuguzi anaweza kuukunjua kadiri mtoto anavyokua.

Kilele kifumwe pleni tupu. Kwa kofia ya 64: pleni 6, fuma viwili pamoja, rudia hadi mwisho wa mzunguko. Mzunguko unaofuata usipunguze kitu. Kisha pleni 5, viwili pamoja, mzunguko mtupu, pleni 4, na kuendelea. Vikibaki vitanzi 32, acha mizunguko mitupu na upunguze kila mzunguko mpaka vibaki 8. Kata uzi, upitishe katika vitanzi hivyo mara mbili, uvute. Kofia ya 72 inaanza na pleni 7, ya 56 na pleni 5. Mkia wa uzi ufichwe kwa ndani kwa sindano ya kushonea, uende upande mmoja kisha urudi, sentimita 5 hivi. Msifunge fundo, fundo ni kokoto chini ya kichwa laini.

Kuhakikisha ukubwa, pulizeni puto, mlizungushie tepu mpaka lifike sentimita 29, mlifunge na kulivika kofia. Ikiingia bila kulazimishwa na isidondoke ukiligeuza puto, imefaa. Fanyeni hivyo kwa kofia iliyokwisha kufuliwa.

Zambarau ni rangi ya siku hiyo na inapendeza, lakini nyekundu na bluu zilizokolea ndizo zinazotoka rangi kwa urahisi, na zambarau imo katikati yao. Lowesheni uzi kwa maji ya moto, uwekeni juu ya kitambaa cheupe, mpige pasi. Ukiacha doa, huo si uzi wa wodini, maana utapaka rangi shuka na nepi za watoto wote. Mnaweza kuchukua pamba nyeupe na kuweka mistari miwili ya zambarau isiyotoka rangi. Epukeni pia uzi wenye manyoya, kwa kuwa manyoya yake huingia puani, na mafumo yenye matundu, kwa kuwa vidole vya mtoto vinanasa.

Kuna jambo ambalo hukuuliza. Mkihifadhi kofia hadi Novemba, msiweke vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu kabatini. Vingi ni naftalini, na naftalini inaweza kuvunja seli nyekundu za damu za mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, upungufu wa kurithi ambao ni wa kawaida katika nchi zetu zenye malaria. Mtoto anapata manjano kali, na hakuna atakayeishuku kofia. Zifueni kwa sabuni isiyo na manukato, zikauke kabisa, mziweke kwenye mfuko safi uliofungwa. Hiyo inatosha, hasa kwa pamba.

Kuhusu idadi, ulizeni kabla ya kufuma. Mwaka 2001 mafuta yalimwagika karibu na Phillip Island, Australia, yakawachafua pengwini wadogo 438. Wafumaji waliombwa vifulana vya kuwazuia wasimeze mafuta wanapojichokoa manyoya, na tangu hapo vilikuja kutoka kila pembe ya dunia, vingi kupita mahitaji, hadi vingine vikavalishwa pengwini wa kuchezea wanaouzwa dukani. Wodi haina duka. Mkileta kofia 100 za ukubwa mmoja, nyingi zitakaa kabatini. Kwa kawaida watoto wa wiki 32 hadi 36 ni wengi kuliko wa wiki 28, hivyo zenu nyingi ziwe za 64 na 72, na chache za 56. Muuguzi anaweza kuwasahihisha kwa kuangalia rejista yake. Shoneni utepe mdogo wa pamba kwa nje, kwenye mkunjo, ulioandikwa kwa wino usiofutika: 26, 29 au 33. Usiku wa manane muuguzi hana muda wa kujaribisha.

Soksi zinafaa, kwa uzi uleule, na kwa mtoto mdogo kiasi hicho hazihitaji kisigino: bomba la sentimita 8 lililofungwa upande mmoja linatosha. Ila kabla ya kuzikabidhi, zigeuzeni kila moja ndani nje na mzikague kwenye mwanga. Uzi mmoja uliolegea ndani ya soksi unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu na kukaza mpaka damu isipite, na mtoto njiti anaweza kukosa nguvu ya kulia akasikika. Soksi yenye uzi unaoning'inia ndani ifumuliwe. Msijaribu kuikata na mkasi, kwa sababu kitanzi kilichokatwa kitaendelea kufumuka wodini.