GT 730 ya GB 4 au GTX 750 Ti ya GB 2: ipi ina nguvu zaidi?

Swali: Fundi, pole na kazi. Kompyuta yangu ya mezani ina kadi ya picha ya GeForce GT 730 ya GB 4, memori yake ni ya aina ya DDR3. Rafiki yangu anataka kuniuzia GTX 750 Ti aliyoitoa kwenye mashine yake, lakini hiyo ina GB 2 tu. Zote mbili zilitoka mwaka 2014. Naona kama nitarudi nyuma nikitoa GB 4 na kuweka GB 2. Nacheza gemu kwenye skrini ya 1920 kwa 1080, na pawa saplai yangu haina ule waya wa pini sita. Nibadilishe au nibaki nilipo?

Jibu: Ahsante, ndugu yangu. Badilisha, ilimradi kadi ya rafiki yako iwe halisi. Nitakueleza namna ya kuikagua. Kinachokuchanganya ni zile GB 4, na zimewachanganya wengi, kwa sababu ndizo huandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi.

GB zinakueleza ukubwa wa ghala, lakini hazisemi mlango wake una upana gani. Kadi inapochora fremu moja ya gemu, yaani picha moja kati ya zile zinazofuatana kwenye skrini, inaingia na kutoka kwenye memori muda wote: inasoma tekscha (picha zinazofunika sura za vitu), inaandika rangi, inalinganisha kina cha kila nukta ili ijue kipi kiko mbele ya kipi. Mlango ukiwa mwembamba, chipu inakaa ikisubiri hata kama ghala ni kubwa.

Upana huo unapigiwa hesabu rahisi. Chukua kasi ya memori kwa gigabiti kwa sekunde, zidisha kwa upana wa njia kwa biti, kisha gawanya kwa 8. GT 730 ya DDR3 iliyo ya kawaida ina kasi ya 1.8 na njia ya biti 64, kwa hiyo unapata GB 14.4 kwa sekunde. GTX 750 Ti inatumia memori ya aina ya GDDR5 yenye kasi ya 5.4 kwenye njia ya biti 128: GB 86.4 kwa sekunde. Ni mara sita kamili.

Sasa ziingize namba hizo kwenye gemu. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, GT 730 inaweza kupitisha MB 240 tu kwa kila fremu, na hapo ni kwa hesabu ya juu kabisa, maana kazini haifikii kiwango hicho muda wote. GTX 750 Ti inapitisha GB 1.44 kwa fremu. Na zile GB 4 zako? Kuzisoma zote mara moja tu, kwa GB 14.4 kwa sekunde, kunachukua zaidi ya robo sekunde. Gemu ambayo ingehitaji kuzipitia zote kwenye kila fremu ingekupa fremu tatu na nusu kwa sekunde. Kwa kucheza gemu, sehemu kubwa ya memori hiyo umeilipia bure.

Hata hivyo, hakikisha kwanza una GT 730 ipi, kwani NVIDIA ilitoa kadi tatu tofauti kwa jina hilohilo. Ipo yenye chipu ya familia ya zamani ya Fermi, GF108, yenye kore 96 (vitengo vidogo vya kupiga hesabu ndani ya chipu) na njia ya biti 128 ya DDR3. Zipo mbili za familia ya Kepler, GK208, zenye kore 384 na njia ya biti 64. Moja ina DDR3, nyingine GDDR5 inayofikia GB 40 kwa sekunde. Wewe umesema DDR3, kwa hiyo ile nzuri ya GDDR5 tunaiondoa. Ukikuta yako ni ya Fermi, mlango wake ni GB 28.8 kwa sekunde, lakini kore 96 ni chache mno na draiva mpya za gemu za familia hiyo zilikoma mwaka 2018. Mtego huu haukuishia hapo: GT 1030 ya GDDR5 ina GB 48 kwa sekunde, na ile ya DDR4 iliyofuata mwaka 2018 kwa jina lilelile ina 16.8. Jina la kadi pekee lisikutoshe kamwe.

Upande wa kore, GTX 750 Ti ina 640. Usizilinganishe moja kwa moja na 384 za Kepler, kwa sababu kore za familia mbili hazifanyi kazi sawa. Hii ni ya familia ya Maxwell, na NVIDIA yenyewe ilieleza kwamba kila kore ilifanya kazi zaidi kwa asilimia 35 kuliko ya Kepler. Ndani ya chipu yake, GM107, kuna pia kashe (memori ndogo ya haraka ndani ya chipu) ya MB 2, wakati chipu ya Kepler iliyoitangulia, GK107, ilikuwa na KB 256. Kashe kubwa hupunguza safari za kwenda kwenye memori.

Hofu yako ya GB 2 ina msingi mahali pamoja. Gemu za miaka ya karibuni zinajaza GB 2 haraka, na zikijaa, tekscha zinahamia kwenye RAM ya kompyuta na picha inaanza kukwama-kwama. Shusha ubora wa tekscha kabla ya kushusha kitu kingine chochote. Kwa kawaida hilo peke yake linatosha.

Umeme usikusumbue. Kadi hii inakula wati 60, na sloti ya PCIe x16 inaweza kutoa hadi 75. Ila watengenezaji wengine waliiwekea tundu la pini sita, kwa hiyo itazame ukingoni kabla ya kulipa. Ikiwa nalo, hiyo haikufai wewe. Angalia pia matundu ya skrini, kwani nyingine hazina VGA, na nyingi zinachukua nafasi ya sloti mbili.

Uhalisi sasa. Kuna kadi za Fermi zilizobadilishwa BIOS, yaani programu ya ndani ya kadi, zikauzwa kwa jina la GTX 750 Ti, na Windows inaamini jina hilo bila kuuliza. Mwombe rafiki yako aiwashe mbele yako ukiwa na GPU-Z, programu ya bure inayoonyesha taarifa za kadi. Toleo la 2.12 na yanayofuata huandika neno FAKE mbele ya jina likiigundua kadi bandia. Soma mwenyewe pia: chipu iwe GM107, kore 640, memori GDDR5, Bus Width 128. Mstari wa Bandwidth, yaani ule mlango wetu, usome 86.4, au zaidi kidogo kama kiwanda kiliongeza kasi ya memori. Ukiona GF106 au GF116 na kore 192, mrudishie kadi yake, na umwambie alichouziwa. Huenda hata yeye hajui.